Mabruki na Mgeni wa Tura

Watu wa Ng'ambo mjini Tabora walimjua Mabruki bin Sabiri kwa mambo mawili: vitanda vyake vya mninga, ambavyo havikulia hata akivilalia mgonjwa wa kugaagaa, na chatu aliyemfuga uani kwa miaka ishirini na miwili. Babu yake aliingia Unyanyembe akiwa mpagazi katika misafara ya mwisho kabla ya reli, akaweka mzigo chini, akaoa, asirudi tena pwani. Mabruki alirithi kwake kiwanja, jina, na ile tabia ya wapagazi ya kutokubali kusema kuwa mzigo ni mzito.

Chatu huyo alimpata Tura, kituo kwenye reli iendayo pwani. Alikuwa kibarua katika kikosi cha kubadilisha mataruma ya reli, na asubuhi moja waliondoa mawe kwenye daraja dogo la maji, wakamkuta amejikunja humo, hajazidi unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima. Wenzake walichukua sululu. Mabruki alivua shati, akamfunika, akamtia ndani ya gunia. Alipokuwa kijana alikuwa amecheza ngoma ya chatu na wazee wa kikundi cha mtaani kwake, naye alikuwa akingoja kwa muda mrefu kupata wa kwake.

Katika kikundi kile chatu haitwi nyoka. Huitwa mgeni. Neno hilo si pambo, bali ni sharti. Mgeni ni amana. Hauzwi, hauawi, wala harithishwi. Mwenyeji humlisha, humtunza, hucheza naye mbele ya watu, na siku atakayoshindwa kumbeba humsindikiza kwao, mahali pale pale alipomtwaa. Ili pasiwe na udanganyifu, kila mwaka kabla ya maonyesho ya Nane Nane mkubwa wa kikundi huja nyumbani kumpima mwenyeji. Mwenyeji hushika shingo kwa mikono miwili, mwenzake hushika kiwiliwili na mkia, nao humwinua mgeni hadi usawa wa kifua na kumtuliza hapo kwa muda wa kusoma Suratul Fatiha bila haraka. Akiweza, mgeni hukaa mwaka mwingine. Asipoweza, safari hufungwa wiki ile ile.

Mabruki alifaulu kipimo hicho mara ishirini na moja. Mgeni alikua hadi kufikia urefu wa hatua sita na kilo arobaini na saba kwa mizani ya muuza mkaa. Alimjengea chumba cha matofali chenye dirisha la wavu, na ndani yake sanduku la mbao alilolitengeneza kwa uangalifu ule ule aliotia katika vitanda vya maharusi. Alimwekea beseni pana la maji, kwa kuwa chatu asiyeloweka mwili hujivua gamba vipande vipande, na gamba linalobaki juu ya jicho humpofusha. Macho yake yalipoingia ukungu, Mabruki alijua kuwa gamba linakaribia kutoka, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Alimlisha sungura au mwanambuzi kila baada ya siku arobaini, kisha akamwacha siku kumi bila kumshika. Hakuingia chumbani kabla ya kuosha mikono kwa jivu. Hakumgusa kwa mkono kabla ya kumgusa ubavu kwa fimbo, ili ajue kwamba anayekuja ni mtu, wala si chakula. Alipenda kusema kuwa chatu hana chuki wala mapenzi. Ana njaa na ana shibe, na mfugaji anayetafuta kitu cha tatu humo hatazeeka. Kwa hakika alisema kweli, na alikuwa wa kwanza kuisahau.

Mwenzake wa mkia alikuwa Leonadi, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu, Mkatoliki, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Alifika kwa Mabruki miaka mingi nyuma kutafuta mbao za nyumba ya kukaushia tumbaku, akamkuta anahangaika peke yake na mgeni mlangoni, akaweka baiskeli chini na kushika mkia bila kuombwa. Tangu hapo hawakuachana. Kila msimu wa ngoma Leonadi alikuja Tabora, akalala ukumbini kwa Mabruki, akala pamoja naye sahani moja.

Ilipoingia Rajabu ya mwaka huo, Mabruki alikuwa akitia udhu wa alfajiri birika likamponyoka. Aliliokota, likamponyoka tena. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Hakumwambia mtu. Zamda, bintiye aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, aliona baba yake anakula taratibu na kuacha punje nyingi mkekani, akadhani ni uzee. Vitanda vilivyoagizwa aliviahirisha kwa visingizio vya mbao mbichi. Mkono ule ulirudi nusu: ulifumba na kufumbua, lakini haukuhisi. Aliweza kushika kitu alichokitazama. Akigeuza macho, hakujua kama bado amekishika.

Leonadi aligundua wiki ya Pasaka, walipomtoa mgeni ili kuosha sanduku.

“Mzee, umeshika?”

“Nimeshika.”

“Mbona kichwa kinanitazama mimi?”

“Labda leo amekupenda.”

“Amwache mke wangu anipende. Mzee, shika!”

Mabruki alitazama chini na kuona vidole vyake vimeachia. Walimrudisha mgeni haraka, wakafunga mlango. Leonadi alikaa kwenye kigogo cha karakana akapangusa jasho.

“Mkono huo umelala, Mzee.”

“Umechoka tu. Nimepiga randa tangu asubuhi.”

“Randa gani? Randa yako ina utando wa buibui, nimeiona mwenyewe.”

Mabruki alisema kwa sauti ambayo Leonadi hakuwahi kuisikia kwake. “Nane Nane moja tu, Leonadi. Nicheze moja ya kuagia. Ikiisha, tutampeleka Tura mimi na wewe. Nikipimwa nikashindwa mbele ya mkubwa Shaban, mji mzima utasema Mabruki alitolewa mgeni mikononi kama mtoto anayenyang'anywa wembe.”

“Na kipimo je?”

“Ukibeba wewe uzito, mimi nitashika kwa macho.”

Leonadi alicheka, maana hakuwa mtu wa kumwacha mkubwa wake katika fedheha. “Haya. Mkiani nibebe mimi, kiunoni nibebe mimi, shingoni nisaidie mimi. Wewe beba ndevu zako tu. Lakini Fatiha uisome upesi. Sisi Baba Yetu yetu ni fupi.”

Hivyo ndivyo hila ilivyofungwa, na kila mmoja aliiona kuwa ni wema. Mabruki aliongeza hila ya pili, ambayo hakumwambia hata Leonadi. Ili mgeni awe mwepesi siku ya kipimo, aliacha kumlisha. Siku arobaini zilipita, zikapita sitini, zikatimia sabini na tano. Zamda alipouliza kwa nini sungura bado wamo kizimbani, alijibu kuwa ni baridi ya kiangazi, na wakati wa baridi chatu hapendi kula. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na uongo uliochanganywa na ukweli ndio mgumu kuliko wote kuutoa.

Kipimo kilipangwa wiki moja baada ya Idi ya kuchinja. Lakini siku ya pili ya Idi, baada ya swala ya adhuhuri, Shaban, mkubwa wa kikundi, alipita nyumbani akiwa na kanzu mpya.

“Mabruki, kesho nasafiri kwenda Nzega kwa wakwe, na sijui nitarudi lini. Nikupime leo, au nikirudi.”

Mabruki alifanya hesabu ya haraka moyoni. Leonadi alikuwepo, amekuja kusherehekea Idi. Kesho yake angerudi Ulyankulu, kwa sababu soko la tumbaku limefunguliwa. Shaban akirudi asimkute Leonadi, atamweka mtu mwingine mkiani, na mtu huyo hatabeba uzito wa Mabruki kwa siri.

“Nipime leo,” akasema.

Zamda alikuwa akikata nyama uani. Aliweka kisu chini. “Baba, leo? Mtaa mzima unanuka mbuzi.”

Hakuna mtu wa kikundi kile asiyeijua kanuni hiyo. Kuanzia asubuhi ya Idi mpaka ziishe siku tatu za tashriki zinazoifuata, chumba cha mgeni hakifunguliwi, kwa kuwa katika siku hizo kila nyumba ya Ng'ambo imechinja, na kila mkono, kila nguo na kila upepo una damu ya mbuzi. Shaban mwenyewe alisita.

“Binti amesema kweli, bwana. Tungoje.”

“Tutaoga kwa jivu,” alisema Mabruki. “Miaka ishirini na miwili, Shaban. Unanifundisha leo?”

Shaban aliona haya kumfundisha, akaketi barazani kungoja. Wazee wale wawili waliheshimiana, na mchana ule heshima yao ilifanya kazi ya adui.

Mabruki na Leonadi waliosha mikono hadi kwenye mabega, wakasugua jivu, wakasuuza, wakasugua tena. Mabruki alibadilisha kanzu. Leonadi hakubadilisha shati, kwa kuwa lilionekana safi. Lakini asubuhi ile Mabruki alikuwa amempa paja la mbuzi, hadiya ya Idi ya kumpelekea mkewe Spesioza, na Leonadi alikuwa amelibeba begani kutoka machinjoni hadi kwenye kivuli cha jikoni, likiwa limefungwa katika gazeti. Gazeti lililowa. Shati lilikuwa la rangi nyeusi, doa halikuonekana.

Shaban alisimama mlangoni. Mabruki alimgusa mgeni ubavu kwa fimbo. Mgeni aliinua kichwa upesi kuliko kawaida, akatoa ulimi mara nyingi. Mtu mwingine angeona hilo, na Mabruki wa miaka mitano nyuma angeliona na kufunga mlango. Alimshika shingo kwa mikono miwili, akakaza macho juu ya vidole vyake. Leonadi aliingiza mikono chini ya kiwiliwili, akausogeza uzito wote kwake, kama walivyokubaliana, mpaka bega lake likawa karibu na kichwa cha mgeni.

“Bismillahi,” alisema Shaban. “Inueni.”

Waliinua. Mabruki alianza kusoma. Alipofika katikati ya sura alihisi fahari, kwa kuwa mkono ulitulia, akainua macho amtazame Shaban, ili Shaban aone uso usiotetemeka. Ilikuwa ni kwa muda wa aya moja.

Mgeni alitoka katika mkono wa kulia bila Mabruki kujua kwamba ametoka. Alilishika bega la Leonadi lenye doa, na kabla Leonadi hajamaliza kusema “Mzee,” alikuwa ameshamzungushia kifua duara mbili na shingo duara moja.

Njia ya kumtoa chatu aliyemfunga mtu ni moja: huanzia mkiani, akafunguliwa kinyume na alivyojikunja, na kazi hiyo ni ya mshika mkia. Sasa mshika mkia ndiye aliyefungwa. Mabruki aliruka kwenye mkia, akauvuta. Mkono wa kushoto ulivuta. Wa kulia uliteleza. Shaban, mzee wa miaka sabini aliyekuwa na kanzu mpya, aliingia akavuta pia. Mwili wa mgeni aliyekaa na njaa siku sabini na tano haukulegea hata kidogo. Leonadi aliwatazama kwa macho mapana, akapiga mguu ukutani mara mbili. Hakuwa na pumzi ya kulalamika.

“Baba, tezo!” Zamda alipiga kelele kutoka mlangoni.

Mabruki alilichukua tezo lake la kuchongea mninga, akalishika kwa mkono wa kushoto, akakata. Alikata mara tano kabla ya uti wa mgongo kukatika. Aliyekuwa amana yake tangu Tura alilegea duara moja baada ya nyingine, akaanguka sakafuni vipande viwili, navyo viliendelea kujikunja kwa muda mrefu baada ya hapo. Leonadi alikuwa amekwisha kufa. Zamda alimfumba macho.

Walikaa katika damu ile wakingoja askari. Shaban ndiye aliyesema kwanza.

“Sikiliza, Mabruki. Tutasema nyoka aliruka. Ni kweli, aliruka. Nyoka hana ndugu wa kumtetea.”

Askari walikuja, na watu wa maliasili wakaja kutazama kibali cha kumfuga chatu, wakakikuta hakijaisha muda. Waliandika kuwa ni ajali ya nyoka. Mabruki alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Maiti ilipelekwa Ulyankulu kesho yake kwa gari dogo la mizigo. Mabruki alipanda nyuma, karibu na jeneza. Alikuwa amelichonga usiku kucha pamoja na mafundi wa jirani, na hakulipiga randa. Zamda alikaa mbele. Njiani watu walisimama, wakavua kofia. Shaban alikuwa ameahirisha safari yake ili aende mazikoni, na kila walipopumzika alimkumbusha Mabruki kwa sauti ndogo: “Mwanamke ana watoto. Usimwongezee.”

Kaburi lilichimbwa nyuma ya shamba, katika udongo mwekundu. Katekista alisoma, watu wakaimba, jeneza likashushwa. Ilipofika zamu ya salamu za rambirambi, Shaban alisimama, akasema maneno mazuri kuhusu ajali, na kuhusu mnyama ambaye hata akifugwa miaka mia haachi asili yake. Watu waliitikia kwa vichwa. Maneno hayo yangetosha. Kaburi lingefukiwa juu yake, na hakuna ambaye angelifukua.

Mabruki alisimama bila kuitwa.

“Si nyoka,” alisema. “Nyoka alifanya alichoumbiwa. Mkono wangu huu umekufa tangu Rajabu. Nilijua. Nikaficha ili nisitolewe mgeni. Nikamshindisha njaa ili awe mwepesi. Nikafungua mlango katika siku zisizofunguliwa mlango. Na Leonadi alikuwa akinibebea uzito, ili watu wadhani ninaubeba mimi.”

Kijana mmoja wa ukoo alipiga hatua mbele. Mzee mmoja akamshika mkono. Spesioza alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitenge kimemfunika hadi kwenye nyusi. Hakuinuka.

“Nilijua, Mzee,” alisema.

Mabruki alimtazama asielewe.

“Aliniambia siku aliyorudi baada ya Pasaka. Bega lilikuwa linamuuma, nikawa namkanda kwa maji ya moto. Nikamwambia, acha mambo ya watu wa Tabora, una watoto. Nikamwambia, mweleze yule mkubwa wao. Akasema, ‘Siwezi, Mzee atafedheheka.’ Ndivyo alivyosema. Mpaka asubuhi anapanda basi kuja kwenu kula Idi nilimwambia.” Alivuta kitenge. “Basi heshima yako ameitunza, Mzee. Kaa nayo.”

Hakulia wakati akisema hayo. Wanawake waliomzunguka ndio waliolia. Mabruki alibaki amesimama mpaka kaburi lilipofukiwa. Hakuna aliyempa jembe, wala hakuna aliyemfukuza.

Aliporudi Ng'ambo alikwenda kumuuliza mwalimu wa msikiti wao hukumu yake. Mwalimu alimweleza kwamba anayesababisha kifo bila kukusudia ana jambo kwa jamaa wa marehemu, nao walikuwa wamesema hawataki chochote kutoka mkononi mwake. Na ana jambo kwa Mola wake, nalo katika zama hizi zisizo na mtumwa wa kuachwa huru ni kufunga miezi miwili mfululizo bila kukatiza. Akaongeza kwamba mtu wa umri wake mwenye maradhi yake ana udhuru, na dini haikuja kumtesa mtu.

“Udhuru ninao tangu Rajabu,” alisema Mabruki. “Nilipaswa kuutumia wakati ule.”

Alianza kufunga Muharramu ulipoandama. Daktari alimkataza, Zamda akamsihi. Kila jioni Zamda alimsogezea uji na tende tatu, na mara nyingi alilazimika kumshikia kikombe, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umepooza kabisa na wa kushoto ulianza kutetemeka. Nane Nane ilipofika ngoma zilisikika kutoka uwanjani tangu asubuhi. Alifunga dirisha. Kikundi kilituma mtu kuomba ngozi ya mgeni ili itengenezwe na kutundikwa. Zamda alimjibu kuwa baba yake aliisafirisha kwa treni hadi Tura, nyama na ngozi pamoja, akaifukia kando ya daraja la reli, na kwamba hakumwonyesha mtu mahali penyewe.

Kesho yake baada ya siku ya mwisho ya mfungo, Agosti ikielekea ukingoni, alipanda basi peke yake kwenda Ulyankulu. Alimkuta Spesioza anamwagilia kitalu cha miche ya tumbaku kwa kopo lililotobolewa matundu. Miche ilikuwa midogo bado, imefunikwa kwa nyasi kavu. Watoto wawili walichota maji kisimani wakaja wakaweka ndoo, wakamwamkia mgeni kwa adabu, wakaondoka.

“Nimekuja kukwambia kuwa nimemaliza,” alisema Mabruki. “Siku zote, sikukatiza. Sikuja kuomba kitu.”

Spesioza alisimama akamwangalia. Mzee alikuwa amekonda, na kanzu ilining'inia mabegani kama imetundikwa msumarini. Aliingia ndani, akatoka na maji katika bilauri, akamkalisha kwenye kigoda kivulini, akamsubiri anywe mpaka mwisho, kwa kuwa jua lilikuwa kali na basi la kurudi lilikuwa mbali.

“Wewe umemaliza,” alisema, akiipokea bilauri. “Mimi msimu ndio kwanza unaanza, na mwenye kukata kuni za kukaushia hayupo.”

Kisha akainama, akachovya kopo katika ndoo, akaendelea na tuta la pili.